Kekee na Bweni la Ghorofa Nne

Kabla mafundi hawajambandika jina la Kekee, alikuwa dada wa mapokezi tu katika kampuni ya ujenzi yenye vyumba vitano, mashine ya kuchapa iliyopenda kutafuna karatasi, na Mkurugenzi aliyekunywa chai akiwa amesimama. Kazi yake ilikuwa kupokea simu, kupokea wageni na kupokea lawama. Simu zilikuwa za kiasi, wageni wa kuhesabika, lawama ndizo zilizokuwa kochokocho. Kila aliyekuwa akijengewa alikuja na swali moja: lini? Naye alikuwa amefundishwa jibu moja: karibuni. Kwa miaka mitatu alilisema neno hilo hata likamwishia ladha mdomoni, kama muwa uliotafunwa ukabaki makapi.

Binti huyu alikuwa na ugonjwa wa kicheko. Hakikuwa cha kejeli wala cha utovu wa adabu. Kilimjia tu, kama chafya inavyomjia mtu. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amemwonya tangu utotoni kwamba ipo siku kitamponza. Siku yenyewe ikawa Jumanne, saa nne asubuhi.

Kampuni ilikuwa imepata kazi ya kujenga bweni la wasichana la ghorofa nne kwenye chuo kimoja. Mhandisi aliyetakiwa kupanga ratiba alikuwa ameacha kazi wiki mbili kabla, akabeba mkoba wake na kuiacha ratiba ndani ya kompyuta. Hakuna aliyeisoma. Mkurugenzi aliamini kwamba ratiba ya ujenzi ni kama soksi: mradi unayo, hakuna atakayekuvua viatu aikague. Asubuhi hiyo Mkuu wa Chuo, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa anakuja kikaoni, kwa hiyo binti akaambiwa achape nakala sita na kuzibana pini. Alipofika nakala ya tatu, jicho lake likatua kwenye mstari wa arobaini na moja. Mstari ulisema: kuweka vigae vya bwawa la kuogelea.

Bweni halikuwa na bwawa. Michoro aliijua, maana yeye ndiye aliyekuwa akiikunja na kuikunjua kila siku: vyumba thelathini na viwili, matangi mawili ya maji, ngazi ya nyuma na sehemu ya kufulia. Akashuka chini zaidi. Vioo vya madirisha ya ghorofa ya nne viwekwe tarehe kumi. Kuta za ghorofa hiyohiyo zijengwe tarehe ishirini na tano. Yaani vioo vingening'inia hewani nusu mwezi vikisubiri ukuta uzaliwe. Chini yake, dari inapakwa rangi, kisha ndipo jengo linaezekwa. Ilikuwa wazi kwamba yule mhandisi alichukua ratiba ya hoteli fulani, akabadilisha kichwa cha habari, akaenda zake.

Alizibana nakala zilizobaki, akaingia kikaoni amejing'ata midomo, akazigawa moja moja huku macho yakiwa kwenye zulia. Angetoka salama. Alikwisha kushika kitasa cha mlango, Mkurugenzi alipomwambia mgeni wake, kwa sauti nzito ya mtu aliyevaa tai mpya, kwamba ratiba hii imepimwa kwa umakini mpaka mstari wa mwisho. Hapo chafya ikatoka. Binti alicheka mpaka akaegemea mlango, mlango ukafunguka, akaponea chupuchupu kuanguka koridoni.

Mkuu wa Chuo akavua miwani. "Binti, tuambie na sisi tucheke."

"Samahani, mama," alisema akijifuta macho. "Ni hilo bwawa. Sijui wasichana wataogelea wapi, maana kwenye michoro halipo."

Karatasi zikafunuliwa kwa haraka kuzunguka meza yote. Kila mtu akalipata bwawa kwa wakati wake, na kila aliyelipata akakohoa. Kisha Mkuu wa Chuo naye akaanza, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega. Alisema miaka kumi na mmoja amekuwa akiomba bomba la pili la maji asipewe, na leo anapewa bwawa zima bila hata kuomba. Mkurugenzi alicheka kama mtu anayeumwa jino. Kikao kikaahirishwa kwa wiki mbili.

Binti alirudi mezani kwake akaanza kufungasha mapema, asije akafukuzwa kabla hajamaliza: kikombe, sweta, ua la plastiki. Mkurugenzi alimkuta sweta liko mkononi. Akamwekea ile ratiba juu ya meza.

"Watu watano wenye digrii hawakuliona bwawa," alisema. "Wewe umeliona ukiwa unabana pini. Una wiki mbili, unitengenezee ratiba isiyochekesha."

Akauliza, sasa simu atapokea nani. Mkurugenzi akasema atapokea yeye. Na kweli alipokea, kwa wiki mbili nzima, na wateja kadhaa waliposikia sauti yake ikisema karibuni walikata wakidhani wamekosea namba.

Kesho yake alfajiri binti alipanda basi kwenda saiti ambako mafundi wa kampuni walikuwa wanamalizia jengo jingine, akiwa na daftari, kalamu tatu na kofia ya plastiki kubwa kuliko kichwa chake. Moyo ulimdunda kama wa anayekwenda kuposwa. Aliyempokea ni Nyapara, msimamizi wa mafundi wote, mzee mrefu, mkavu kama nondo, aliyekuwa kwenye ujenzi miaka thelathini na mmoja. Alimwamkia shikamoo, akaeleza kilichomleta. Nyapara akamjibu kwa upole kwamba ratiba ameziona nyingi, na karatasi yake ni nzuri sana kwa kufungia misumari.

Binti akasema hakuna taabu, ila kabla hajafunga misumari amwambie kitu kimoja tu: ukuta wa chumba kimoja unachukua siku ngapi? Nyapara akasema mbili. Mafundi wangapi? Wawili. Tofali zikiwa tayari juu, au zikiwa bado chini? Zikiwa chini, Nyapara alikiri, siku tatu. Na anayezipandisha nani? Na siku hiyo asipokuja? Na mvua ikinyesha? Kufika adhuhuri alikuwa amewauliza wapiga plasta, mafundi mbao, fundi umeme na fundi bomba, na kabla jua halijazama walikuwa wamempa jina. Walimwita Kekee, ile ya kutobolea mbao, kwa sababu akianza kukuuliza hatulii mpaka atokee upande wa pili. Yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi.

Katika daftari lake alitenga kurasa mbili za nyuma kwa tafsiri. Kesho ya fundi bomba ilikuwa siku nne. Sasa hivi ya fundi umeme ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Imekwisha ya mpiga plasta ilimaanisha imebaki nyuma ya mlango. Wiki hii ya muuza madirisha ilikuwa lugha ngeni kabisa, akaiachia nafasi wazi. Mwanzoni alidhani watu hawa ni waongo. Siku ya sita, ameketi juu ya mfuko wa saruji anatafuna karanga, ndipo akili ikamfunguka: hakuna aliyekuwa akidanganya. Kila fundi alihesabu siku anazofanya kazi, na hakuna aliyehesabu siku anazomngoja mwenzake. Mpiga plasta anamngoja fundi bomba, fundi bomba anamngoja fundi umeme, fundi umeme anangoja ngazi, na ngazi iko kwa mpiga plasta, amekalia. Kilichokula miezi ni kungojana. Aliruka juu mpaka karanga zikamwagika, na mafundi wawili wakaja kuuliza kama ameona nyoka.

Nyumbani aliivamia meza ya cherehani. Mama yake alimpa mabaki ya vitambaa vya sare, naye akakata vipande vidogo: vyekundu vya umeme, vya kijani vya bomba, vya kijivu vya zege, vya njano vya plasta. Akavipachika kwa pini kwenye pazia la sebuleni, kazi moja baada ya nyingine, uzi ukitoka kwenye kila kazi kwenda kwenye ile inayoingoja. Mama mtu alisimama nyuma yake na futi shingoni, akatazama kwa muda, akanyoosha kidole.

"Hapa umetia mfuko kwenye suruali iliyokwisha fungwa."

Kekee akaangalia. Ni kweli, alikuwa amepaka rangi chumba ambacho bomba lake halijapita ukutani. Akachomoa pini, akahamisha. Mama akaonyesha pengine, na pengine tena. Alijua tangu zamani kwamba kola haisubiri, lakini vifungo vinaweza kusubiri hata siku ya mwisho. Walicheka, wakabishana, wakachomwa na pini, wakasahau wali jikoni mpaka ukaungua. Walipomaliza, pazia lilionyesha kitu ambacho Kekee hakukitegemea: kulikuwa na uzi mmoja mrefu uliotoka kwenye msingi hadi siku ya kukabidhi, na kazi yoyote juu ya uzi huo ikichelewa siku moja, bweni zima linachelewa siku moja. Nyingine zilikuwa na nafasi ya kupumua. Uzi huo akauita uti wa mgongo. Alilinakili pazia lote kwenye karatasi, mistari mia moja na arobaini, na mle ndani hamkuwa na bwawa hata moja.

Siku ya kikao Mkuu wa Chuo aliisoma yote mbele yao, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na mwisho akatia sahihi. Nyapara alipopewa nakala yake aliigeuzageuza kama anayetafuta misumari ya kuifunga, halafu akaigongomea kwenye mlango wa stoo. Tena aliigongomea kwa misumari minne.

Miezi iliyofuata Kekee hakutembea, alielea. Msingi uliisha siku uliyoandikiwa. Ghorofa ya kwanza ikaisha siku yake, ya pili nayo ikafuata. Kila kazi ilipokwisha aliipiga mstari kwa kalamu ya kijani, na siku nyingine alishuka ngazi za saiti kwa kurukaruka, mbili mbili, huku mafundi wanampigia makofi. Sasa alianza kuwaambia watu lini, kwa tarehe, na tarehe ikifika mambo yanakuwa. Ukishazoea utamu kama huo, kichwa hakikosi kuvimba. Ile kofia kubwa ya plastiki ilianza kumbana.

Kwa sababu hiyo, ilipokaribia siku ya kumwaga jamvi la ghorofa ya tatu, yaani sakafu yake ya zege, aliamua kuiba siku mbili. Alilirudisha jamvi nyuma, kutoka Jumatatu hadi Jumamosi iliyoitangulia. Akasahau kusogeza mstari mmoja wa fundi umeme: mabomba ya nyaya, ambayo lazima yalale katikati ya nondo kabla zege halijamwagwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi Nyapara alipanda juu akakuta nondo ziko uchi. Kekee alipigiwa simu akiwa getini. Alifaulu kuyazuia magari mawili ya zege kabla hayajapakia, lakini la kwanza liliwahi kuondoka, na ndilo hilo lililokuwa linakata kona, tumbo lake kubwa likizunguka polepole. Dereva alishuka, akasikia habari, akakunja mikono. Zege likishachanganywa halina subira, alisema. Baada ya saa moja hivi litaanza kugeuka jiwe, na yeye hawezi kurudi na jiwe tumboni. Wamwambie pa kumwaga, ama atamwaga hapohapo barabarani.

Mafundi wote walikuwa wamesimama wanatazama. Nyapara hakumtukana, wala hakupaza sauti. "Hili ni lako, Kekee," alisema.

Kekee alingoja machozi, lakini badala ya machozi yakamjia akilini yale mabaki ya kitambaa cha kijivu. Yote, kwa mpangilio wake, kama yuko sebuleni kwao. Kila kazi ya zege katika bweni lile aliijua kwa kichwa, na aliijua inangoja nini.

"Kitako cha matangi ya maji," alisema. "Mbao zake zimeshapigwa tangu Alhamisi. Ngazi sita za mlango wa nyuma, nazo tayari. Na sehemu ya kufulia."

"Sehemu ya kufulia haijapigwa mbao," Nyapara akamkumbusha.

"Una mafundi mbao wanane, mzee, wamekuja kulisimamia jamvi ambalo halipo. Wakianza nayo sasa, sisi tunaanza na matangi."

Nyapara alimtazama, akalitazama gari, akatazama saa. Kisha akageuka na kuguruma, na saiti nzima ikalipuka mbio. Nyundo zikaanza kulia upande wa kufulia. Gari likarudi kinyumenyume mpaka kwenye matangi, zege likateremka kwa mlio mzito, na mikokoteni ikapangana mstari kuelekea ngazi za nyuma. Wapiga plasta walikimbia na makoleo. Mlinzi alikimbia na ndoo. Fundi bomba, ambaye hakuna binadamu aliyewahi kumwona akikimbia, alipita na mkokoteni akimpigia kelele mpiga plasta ampishe. Kekee alishika mkokoteni wa pili, kiatu kimoja kikanasa kwenye zege, akakiacha, akaendelea na cha mguu wa kushoto peke yake. Mtu mmoja akaanza kucheka, sijui nani, na kicheko kikapokelewa ghorofa kwa ghorofa, mpaka dereva mwenye mikono iliyokunjwa akaikunjua na kushika koleo. Kulikuwa na jasho, matusi ya mapenzi, na furaha ya ajabu kama ya watoto waliofunguliwa likizo kabla ya wakati.

Dakika hamsini baadaye tumbo la gari lilikuwa tupu. Kitako cha matangi kilikuwa kimesawazishwa, ngazi zimenyooka, sehemu ya kufulia inang'aa kwa unyevu, na ndoo moja iliyobaki fundi bomba aliimwagia nguzo ya geti iliyokuwa imelegea tangu mwanzo. Nyapara alipita na pima maji, akaiweka hapa, akaiweka pale, akachungulia kipovu chake. Mwisho akamletea Kekee kile kiatu, kizito kama tofali, akamwambia akitunze, ndicho cheti chake cha kwanza.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa Mkurugenzi, akasimulia kosa lote bila kulipaka sukari. Mkurugenzi alisikiliza akinywa chai, amesimama. Akauliza wamepoteza siku ngapi. Kekee akasema jamvi litamwagwa Jumanne, siku moja baada ya ile ya awali. Lakini matangi yalikuwa juu ya uti wa mgongo, maana bweni halikabidhiwi mpaka maji yajaribiwe, na kitako chake kimewahi kwa wiki tatu. Alikwisha kupanga upya ratiba nzima Jumapili. Bweni litaisha siku nne kabla ya tarehe.

Mkurugenzi alitafuta kiti, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kekee kumwona akinywa chai ameketi, na hakujua kama hiyo ni dalili nzuri. Ilikuwa nzuri. Alianza kuandikiwa barua ya cheo, wakapoteza saa nzima wakitafuta cheo chenyewe, mwishowe wakaandika Mpangaji. Mama yake alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba binti yake sasa ni mpangaji, na majirani wakampa pole, wakauliza nyumba yao wenyewe imepatwa na nini hata binti akapange. Aliporudi alimwamuru mwanawe akaongezewe neno kwenye barua. Likaongezwa: Mpangaji Ratiba.

Kampuni ikampeleka kusomea cheti, kila Jumamosi kwa miezi minane. Mwalimu wa somo alichora ubaoni visanduku na mishale, akaeleza kwa majina marefu jinsi ya kutafuta kazi zisizoruhusiwa kuchelewa. Kekee alinyoosha mkono akauliza kama hiyo siyo sawa na kola na vifungo. Mwalimu alitaka ufafanuzi, akapewa, na wiki iliyofuata mwalimu mwenyewe alikuja darasani na pazia.

Bweni liliisha siku nne kabla, kama alivyosema. Alipompigia Mkuu wa Chuo kumwambia aje achukue funguo, mama yule alikata simu kwanza, kisha akapiga mwenyewe kuhakikisha. Alikiri kwa sauti ya aibu kwamba vitanda bado havijafika. Alikuwa ameviagiza vichelewe makusudi, kwa kuwa maisha yake yote hajawahi kuona jengo likimngoja mtu. Alikuja hivyohivyo, akavua viatu mlangoni, akapanda ghorofa zote nne akifungua kila bomba na kulifunga, huku Kekee anamfuata nyuma akihesabu vyumba vitupu vinavyonukia rangi mpya, thelathini na viwili, na kila kimoja alikijua kilizaliwa siku gani.

Wiki ya pili baada ya hapo alikuwa amesimama na Nyapara kwenye uwanja mwingine, safari hii wa hospitali ya ghorofa sita. Hapakuwa na kitu ila majani ya kiunoni na mbuzi wawili wasio na mwenyewe. Umande ulikuwa umemlowesha mpaka magotini, na alijisikia kama angeweza kuruka ukuta ambao bado haujajengwa. Nyapara alikunjua karatasi, akatoa penseli nyuma ya sikio, akamwuliza waanze na nini.

"Choo cha mafundi," Kekee alisema.

Nyapara akatafakari, akailamba penseli, akaandika.